Don Evaristo Asiyesikika

Watu wakija ukumbini kwetu wanatazama juu, jukwaani, kwa wale waliopakwa poda. Shauri yao. Hao nawavisha mimi mwenyewe, na nusu ya vifua wanavyovitunisha ni pamba niliyoijaza kwa mikono yangu. Mtu wa kutazamwa alikuwa chini. Kwa miaka thelathini na minane katika ukumbi wa opera wa Aurora, hapa Rosario, aliyekaa chini alikuwa don Evaristo Gorosito, mnong'onezi wetu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mbele ya jukwaa, katikati kabisa, kuna tundu lenye kifuniko cha mbao, na ndani yake kiti kimoja, taa moja ndogo na mtu mmoja. Watazamaji wanaona mgongo wa kifuniko tu. Waimbaji wanaona uso. Kabla ya kila mstari, mnong'onezi anampa mwimbaji maneno yake, kwa midomo zaidi kuliko kwa sauti, na kwa mkono anamwonyesha aanze lini. Mwimbaji anayapokea, anayaimba, watu wanalia, wanadhani yametoka moyoni mwake. Ustadi wote ni kwamba waliolipa tiketi wasijue kama kuna mtu mle. Mnong'onezi akisikika mara moja tu, hata na safu ya kwanza, wenzake watamtania mpaka siku ya kuzikwa.

Don Evaristo hakuwahi kusikika. Kila onyesho likiisha alikuwa akipanda ngazi taratibu, anajifuta shingo, anakuja chumba cha mavazi ninapofungua vifungo vya watu, anauliza swali lile lile.

"Nelly, kuna mtu alinisikia?"

"Hata mbu hakukusikia, mzee."

Basi anatabasamu, anamenya chenza lake, roho yake imetulia.

Mimi ni Nélida Arancibia, fundi wa mavazi. Nimemjua tangu wote tuna nywele nyeusi. Mchana, mji mzima ukiwa umelala baada ya chakula, ukumbi ulikuwa wetu wawili. Mimi nakaa ukingoni mwa jukwaa na sindano yangu, yeye yuko tunduni, na kibuyu cha chai ya yerba kinapanda na kushuka kati yetu. Juu kwenye kuba kuna kidirisha kimoja, mwanga ulikuwa ukiingia hapo na kushuka polepole mpaka viti vyekundu, na vumbi likielea ndani yake bila haraka yoyote. Don Evaristo alikuwa akifanya mazoezi ya maneno. Mimi nikisinzia, sauti yake ilikuwa inapanda kutoka chini ya mbao inanieleza mapenzi kwa Kiitaliano, kwa Kifaransa, na sikujua tena kama naota au nasikia. Mwanamke gani angepona? Nilimpenda mwaka mzima, nikiwa na miaka ishirini na moja na akili za kuku. Halafu siku moja nikaona jinsi anavyomtazama Saúl.

Saúl Brizuela alikuwa mvuta kamba za mapazia. Mikono mipana, maneno machache, na kicheko kilichokuwa kinatangulia kuingia mlangoni kabla yake. Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi, wakati mtu alikuwa anachukuliwa na kupotea kwa sababu ndogo kuliko mapenzi ya namna hiyo. Walipendana miezi kumi na minne, nyuma ya misitu ya turubai na majumba ya mbao nyembamba, na katika ukumbi mzima nilijua mimi peke yangu. Nilinyamaza kimya kama maji mtungini. Sikuwa mwema, nilikuwa na wivu, lakini nilinyamaza.

Kisha Saúl akapata kazi kusini kabisa, kwenye visima vya mafuta. Tulimsindikiza stesheni asubuhi moja ya ukungu, ukungu ule wa mto unaomeza hata mataa. Mimi nilibeba sambusa za nyama kwenye kitambaa. Saúl alisimama mlangoni mwa behewa, mguu mmoja ndani, mmoja nje, anamtazama Evaristo. Alikuwa anangoja. Hata kipofu angejua anangoja nini. Na Evaristo, ambaye alikuwa anawagawia maneno ya mapenzi waimbaji wa nchi nne, akanyoosha mkono na kusema, "Safari njema, Brizuela." Akamwita kwa jina la ukoo, kama karani wa posta! Treni ikaondoka. Nilimkasirikia hata sambusa nikasahau kuzitoa, tukarudi nazo.

Saúl alioa huko, akapata binti, akafiwa na mke. Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia alirudi Rosario, mzee, sikio moja limekufa kwa kelele za mitambo, akapanga chumba mtaa wa Refinería. Mara ya kwanza Evaristo alipomwona kwenye duka la mikate, alivuka barabara. Mara ya pili pia. Akabadilisha duka la mikate.

"Ndiyo nini sasa?" nilimuuliza. "Unakula mikate migumu kwa sababu ya mtu?"

"Nelly, niache."

Nikamwacha. Lakini ndipo ikaja opera ya watu wa reli.

Aliitunga Eliana Maffei, binti wa miaka thelathini na moja aliyetafuna kucha zake mpaka nyama. Ilikuwa kwa Kihispania, lugha yetu, na hiyo kwetu si jambo la kila siku. Inahusu mwanamume anayewasha taa za reli kwenye stesheni ndogo ya nyikani, na mwanamume mwingine anayeendesha treni. Treni inasimama hapo mara mbili kwa wiki, dakika nne, kunywa maji. Basi wanapendana kwa dakika nne nne. Muziki wenyewe ulikuwa wa ajabu. Vyombo vinaanza chini sana, kama mvuke, na hujui ni lini vimeanza, unashtukia tu umeshazama. Mwishoni dereva anahamishiwa njia nyingine, na yule wa taa anasimama kwenye jukwaa la stesheni, okestra inabaki na sauti moja tu, nyembamba, na yeye anasema maneno mawili. "Baki. Nakupenda."

Siku ya kwanza ya mazoezi nilimwona don Evaristo akitoa mkono wake kumwelekeza mwimbaji, na kuusahau hewani. Mapumziko yalipofika hakupanda. Nilimpelekea chai, nikapiga magoti penye tundu.

"Unaumwa?"

"Kwa Kiitaliano ni kazi," alisema. "Kwa lugha yetu, Nelly, ni kama mtu ameingia chumbani kwangu bila kubisha hodi."

Siku zile zilikuwa tamu, nasema kweli. Novemba, miti imemwaga maua ya zambarau mpaka mlango wa nyuma, tunaingia nayo kwenye viatu. Wiki saba alikaa chini mle akimnong'oneza Lautaro, kijana aliyeimba nafasi ya mtu wa taa, maneno yale mawili. Nadhani alikuwa anaishi humo. Wakati mwingine mazoezi yalikwisha, watu wametoka, nikamkuta bado amekaa na taa yake, midomo inacheza bila sauti. Sikumwamsha.

Siku nne kabla ya ufunguzi ikaja Kamati ya Wafadhili. Mwenyekiti wao, bwana Zuloaga, alikuwa na viatu vizuri na desturi ya kuomba radhi kabla ya kukutukana. Alisikiliza mpaka mwisho, akapanda jukwaani.

"Mimi sina neno na watu hao," alisema. "Nina binamu yangu wa namna hiyo, tunakula naye Krismasi. Na sheria imewaruhusu hata kuoana, sawa, miaka saba sasa. Lakini Jumapili wanakuja watu na wajukuu zao. Yule kijana aseme 'Baki, ndugu yangu.' Urefu ni ule ule, hata nota haibadiliki. Nani atajua?"

Jioni ile Eliana alilia katikati ya magauni yangu. "Nimetia saini mabadiliko, doña Nelly. Nisingekubali wangefunga onyesho, kwaya nzima irudi nyumbani. Nimeandika opera nzima kwa ajili ya maneno mawili, na nimeyauza kwa kalamu ya kuazima."

Nilimtazama don Evaristo, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni na chenza lake.

"Sema neno basi!"

"Mnong'onezi hana maoni," alijibu. "Ninatoa kilichoandikwa."

Ebo! Damu ikanichemka. Nilingoja Eliana aondoke, nikampa mzee za uso.

"Hana maoni! Tangu lini? Stesheni siku ile nani alikuwa amekuandikia? Sasa sikiliza, maana nimekutana na Saúl jana dukani. Binti yake anamtaka kusini, akakae naye. Ameshakata tiketi ya basi, ameniwekea chini ya pua yangu. Alhamisi ya wiki ijayo, kiti namba kumi na saba. Anaondoka tena, Evaristo, na safari hii hana umri wa kurudi."

Akamaliza kipande cha chenza alichokuwa nacho mkononi.

"Basi umtakie safari njema," alisema.

Nilimrushia kiatu. Kilikuwa cha Lautaro, namba arobaini na nne, na kilimpata begani. Sijutii.

Kwetu maneno yakibadilishwa, yanapigwa chapa kwenye vipande vyembamba vya karatasi, na kila mtu anabandika kipande chake juu ya mstari wa zamani katika kitabu chake cha nota. Macho ya don Evaristo yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kazi hiyo ya gundi nilikuwa namfanyia mimi miaka yote. Asubuhi yake akaniletea kitabu bila kunitazama, akaweka kipande juu. "Baki, ndugu yangu."

"Gundi imekwisha," nilisema. Uongo mtupu, kopo lilikuwa nyuma yangu. Nikachukua pini yenye kichwa chekundu, nikakibana kipande kwenye karatasi. Don Evaristo aliitazama ile pini kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Akafunga kitabu, akaondoka nacho.

Halafu nikaenda duka la mikate, kwa makusudi, nikampa Saúl tiketi ya roshani ya juu kabisa, tunayoiita Peponi, ambako kila mfanyakazi anapewa nafasi moja ya bure.

"Mimi na opera, Nelly? Kwa masikio haya?"

"Utakwenda kutazama mavazi yangu. Usinivunjie heshima."

Jumapili, saa kumi na moja jioni, kabla pazia halijafunguliwa, tulitakiana mavi mengi, maana ndivyo tunavyoombeana ukumbini, mtu akikutakia heri unaweza kumpiga. Don Evaristo alivaa koti lake jeusi. Aliposhuka ngazi nilimwambia, "Mavi mengi, mzee." Akanigusa shavu, jambo ambalo hakuwa nalo, akazama chini.

Mimi nilisimama pembeni, kwenye giza la mapazia, nilipokuwa naona jukwaa lote na uso wake kwenye tundu, umewashwa na ile taa ndogo. Saa moja ikapita, ikawa mbili, sikuhisi. Stesheni ya mbao ikawa stesheni. Moshi wa mashine ukawa ule ukungu wa asubuhi yetu, na nilinusa sambusa, nakuapia, nilinusa zile sambusa za miaka thelathini na sita nyuma. Dereva akaweka mguu mmoja kwenye behewa. Okestra ikanyamaza, ikabaki sauti moja nyembamba ya vinanda vya upinde. Na Lautaro, aliyeimba maneno ya zamani wiki saba na mapya siku tatu, akachanganyikiwa, akateremsha macho kwenye tundu. Nilimwona anayatafuta.

Don Evaristo alikuwa ametazama kitabu chake. Kisha nikaona vidole vyake vinachomoa kitu kidogo, taratibu kabisa, na kukichoma kwenye ukosi wa koti. Kichwa chekundu kikametameta. Akainua uso.

Midomo yake ikasema, "Baki. Nakupenda."

Lautaro akatoa macho. Alijua amri, alijua Zuloaga amekaa pale na mkewe, alidhani mzee amekosea. Akafunga mdomo. Na kiongozi wa okestra, mikono juu, akaishikilia ile sauti moja, haiendi mbele, hairudi nyuma. Sheria ya mnong'onezi ni moja. Mwimbaji asipopokea, unarudia. Don Evaristo akarudia, safari hii kwa mnong'ono ambao mimi niliusikia. Lautaro akatikisa kichwa kidogo tu.

Basi ndipo ilipotoka. Sauti ya mzee, kavu, imekwaruza, sauti iliyokaa chini ya mbao maisha yake yote, ikapanda kutoka sakafuni na kujaza ukumbi mzima mpaka kwenye kuba.

"Baki! Nakupenda!"

Jiii. Watu elfu moja, hata kikohozi hakuna. Tundu lile lilikuwa limesema. Nilishika pazia, machozi yananitoka, namwambia Mungu mambo ambayo sitayarudia hapa. Alikuwa amejiharibia jina alilolijenga miaka thelathini na minane, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndipo Lautaro akavuta pumzi na kuyaimba, maneno yale ya kwanza aliyofundishwa, na hajawahi kuimba vile tena.

Makofi nimeambiwa yalikuwa mengi. Mimi nakumbuka tu Zuloaga akiingia nyuma ya jukwaa, uso umemwiva.

"Nani alimpa maneno yale?"

"Mimi, bwana," alisema don Evaristo, akipanda ngazi. "Sidhani kama kuna mtu hakusikia."

"Kesho usikanyage hapa."

"Sawa."

Eliana akajitosa katikati yao, na kucha zake zilizoliwa. "Na maneno ni hayo hayo kesho na keshokutwa! Niliandika mimi. Ukitaka kufunga, funga, nikawaeleze watu wa magazeti kwa nini." Hawakufunga. Maonyesho mengine matatu yalifanyika bila mnong'onezi, na Lautaro hakukosea hata neno. Lakini don Evaristo hakurudi tena kwenye tundu lake, akiwa amebakiza miaka mitatu tu kustaafu kwa heshima, na hakuna aliyemfanyia sherehe.

Jioni ile ya ufunguzi alikuja chumba cha mavazi kama kawaida. Akajifuta shingo. Akafungua mdomo kuuliza swali lake.

"Nelly, kuna mtu..."

"Ukumbi mzima, mzee," nilisema, nikamkumbatia na mapini yangu yote. "Ukumbi mzima."

Tulitoka kwa mlango wa nyuma. Kulikuwa bado na mwanga, ule mwanga wa Novemba usiotaka kwenda nyumbani, na maua ya zambarau yamefunika njia. Saúl alikuwa amesimama chini ya mti, kofia mkononi. Evaristo akasimama. Safari hii hakukuwa na barabara ya kuvuka.

"Vijana wako wale," alisema Saúl kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wenye masikio mabovu, "wamefungua midomo saa mbili nzima, sikuambulia kitu. Nimetazama nguo za Nelly." Akaligusa sikio lake zima. "Lakini wewe nimekusikia. Kule juu, safu ya mwisho."

Evaristo akaigusa ile pini kwenye ukosi.

"Alhamisi naondoka," Saúl akaendelea. "Nelly amekuambia?"

"Ameniambia."

Nikaona mkono wa Evaristo umeanza kunyooka, ule mkono wa stesheni, mkono wa karani. Sikuweza kuvumilia. Nikajisogeza nyuma ya bega la Saúl, nikamtazama Evaristo machoni, na kwa midomo tu, bila sauti, kama alivyonifundisha yeye mwenyewe, nikampa neno lake.

Akaniona. Akakunja uso.

"Nelly," alisema, "funga mdomo wako, hili nalijua." Akamgeukia mwenzake, akasogea karibu na lile sikio zima. "Baki, Saúl."

Alhamisi basi la kusini liliondoka saa tano asubuhi. Nilikwenda kituoni kuhakikisha, ndivyo nilivyo, wala sioni aibu. Nikapanda mpaka ndani, dereva ananifokea, nikahesabu viti. Kumi na saba kilikuwa kitupu.